Rangi mpya, ufa wa zamani: Kinachojificha chini ya baiskeli za mpakani

Na Mwandishi Wetu, Busia

UKISIMAMA asubuhi kando ya barabara inayoelekea mpakani Busia, utaona baiskeli zisizohesabika. Moja imebeba mikungu ya matoke, nyingine magunia ya mkaa, nyingine matenga ya kuku wanaolia njia nzima. Katikati yao wanapita wafanyabiashara wenye ulemavu wakiendesha baiskeli zao za magurudumu matatu, zimejazwa mizigo mpaka dereva haonekani.

Mpaka huu una historia ndefu na baiskeli. Hapa ndipo inaposemwa kuwa neno bodaboda lilizaliwa, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili. Leo pikipiki zimelichukua jina hilo, lakini baiskeli haikuondoka. Mtu asiye na fedha za mafuta bado anaitegemea kupeleka mahindi sokoni na kumrudisha nyumbani akiwa na unga na sabuni.

Nyingi ya baiskeli hizo ni kuukuu. Ni Phoenix za kutoka Shanghai, Hero za Ludhiana nchini India, na hapa na pale Raleigh ya Uingereza ambayo babu aliinunua na mjukuu ndiye anayeiendesha. Hata hivyo, ukitembea sokoni utaona kitu cha ajabu: baiskeli kuukuu zinazong'aa kuliko mpya. Zimepakwa kijani, buluu, nyekundu, na mistari ya dhahabu juu yake.

Rangi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, maana nimejifunza habari zake kwa gharama.

Niliuziwa mng'aro

Mtoto wa dada yangu alipomaliza shule aliniomba baiskeli ya kufanyia biashara ya mahindi na ndizi. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja wa baiskeli zilizotumika, nikachagua ya kijani. Niliipenda kwa sababu ilikuwa safi. Nilipiga kengele, nikakamata breki, nikazungusha pedeli, nikalipa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, rangi ilianza kuinuka karibu na usukani. Mstari wa maji ya kahawia ukawa unateremka kwenye bomba kila baada ya mvua. Siku moja kijana akaniambia, "Mjomba, baiskeli inalia ninapopanda kilima nikiwa na mzigo."

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, si mbali na barabara kuu. Hakuipanda wala hakuuliza bei tuliyonunulia. Aliinama, akaweka ukucha wa kidole gumba mahali rangi ilipovimba, akasukuma. Kipande kikubwa kama ganda la yai kikadondoka mkononi mwake.

"Hii haikupakwa rangi," alisema. "Hii imevalishwa nguo."

Alichukua kisu kisicho na makali akaanza kukwangua taratibu. Chini ya kijani kulikuwa na puti, ile nyeupe inayotumiwa kusawazisha mabati ya magari. Chini ya puti kulikuwa na buluu, kisha nyeusi ya kiwandani, kisha kutu. Ndani ya kutu, upande wa chini wa bomba refu linaloteremka kwenda kwenye pedeli, pale linapoungana na bomba fupi linaloshika usukani, kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Kijana alipoukalia usukani kwa uzito wake, uzi ukafunguka ukawa mdomo.

Hapo sote tulinyamaza. Mahali hapo ndipo panapobeba kishindo cha kila shimo la barabara. Lingekatika kwenye mteremko, na gunia la mahindi likiwa nyuma, gurudumu la mbele lingekwenda njia yake na kijana angekwenda njia yake. Na aliyeweka puti ile aliuona ufa. Mtu hajazi puti mahali asipoona tundu.

Rangi ni kinga kabla ya kuwa pambo

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa. Rangi ni ukuta kati yao. Ukuta ukipasuka, hata kwa jiwe dogo lililorushwa na gurudumu, kutu huingia na kutambaa chini ya rangi nzima, na mwenye baiskeli haoni kitu mpaka rangi ivimbe. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana baiskeli za wachuuzi wa samaki huoza upande wa nyuma kwanza, pale maji ya samaki yanapodondokea chini ya keria, na ndiyo maana baiskeli za pwani, kule Mombasa na Tanga, hazidumu kama za bara.

Kwa hiyo mtu anayepaka rangi mpya juu ya kutu hajaiponya baiskeli. Ameifungia kutu ndani, pamoja na unyevu wake. Kazi ya kweli huanza kwa kuitoa rangi ya zamani, na ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, kwa sababu inachosha na mteja haioni.

Njia za kutoa rangi

Kabla ya jambo lolote baiskeli huvuliwa kila kitu: magurudumu, cheni, madigadi, keria, usukani, pedeli na gololi zake zote. Kisha fremu huoshwa kwa sabuni ili grisi iishe. Ukianza kusugua juu ya grisi, unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya haitashika hapo.

Baada ya hapo kuna njia nne ambazo nimeziona zikitumika.

Ya kwanza ni moto. Wengine huilaza fremu juu ya mkaa au kuiwashia matairi mpaka rangi iungue. Ni ya haraka, na ni mbaya kuliko zote. Fremu nyingi za zamani zimeunganishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa ndani ya viungo. Moto wa mkaa ukipulizwa sana unaweza kuilegeza shaba hiyo, na fremu ikatoka motoni ikiwa imesimama lakini imekwisha. Moshi wake nao una hatari nitakayoieleza.

Ya pili ni kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Ikichanganywa na maji huilainisha rangi ya mafuta mpaka ikatoka kama utando. Kwa chuma cha kawaida inafaa, mradi umevaa glavu za mpira na miwani, na mradi ni kostiki inayomwagwa kwenye maji, si maji kumwagwa juu ya kostiki, kwani huchemka na kuruka. Lakini fremu ya alumini isiguswe na kostiki hata kidogo, maana dawa hiyo huila alumini yenyewe. Namna rahisi ya kujua ni sumaku: ikishika, ni chuma, isiposhika, weka kostiki mbali.

Ya tatu ni dawa ya dukani ya kutoa rangi. Hupakwa kwa brashi, huachwa mpaka rangi ijikunje, kisha hukwanguliwa. Itumike nje, penye upepo. Mvuke wa baadhi ya dawa hizo umewahi kuua watu waliofanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa.

Ya nne ni mikono: kisu butu, brashi ya waya na msasa. Ndiyo aliyoichagua mzee wetu. Alianza na msasa mkali namba 80 kwenye mabomba, akahamia 120, akamalizia na 240. Kwenye viungo alitumia kamba ya msasa aliyoikata nyembamba, akaivuta huku na huku kama mtu anayesugua mgongo kwa taulo. Kazi ilimchukua siku mbili. Sehemu za kromiamu hakuzigusa kwa msasa, kwani ungezikwaruza. Alizisugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, na kutu ikatoka.

Vumbi lisiloonekana

Nilishangaa kuona kwamba alisugua akiwa amelowesha msasa, na chini ya fremu ametandika gunia la plastiki. Wajukuu zake walipokaribia aliwafukuza kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo lingine lolote.

Ana sababu. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyopakwa kwenye vyuma kwa miaka mingi ilikuwa ni risasi yenyewe, na rangi za manjano na machungwa zilipata ukali wake kutokana na madini hayo hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, risasi huudhuru ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Haimwangushi siku hiyo hiyo. Huonekana baadaye darasani, na hakuna anayekumbuka fundi wa baiskeli.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, limezishauri nchi zote ziweke kikomo cha risasi kwenye rangi kisichozidi sehemu 90 katika kila milioni. Hata sheria hiyo ikifuatwa dukani, rangi zilizopakwa zamani bado zipo kwenye mabomba ya baiskeli zetu, na kwa macho huwezi kujua ipi ina risasi na ipi haina. Kwa hiyo ichukulie kila rangi ya zamani kuwa nayo.

Hii ndiyo hatari ya moto niliyoitaja: joto kali huigeuza risasi kuwa moshi, na moshi huingia moja kwa moja kwenye mapafu. Msasa mkavu nao hutoa vumbi laini linalotua kwenye nguo, kwenye chakula, na kwenye mchanga ambao watoto huuchezea. Msasa wa maji hulishika vumbi hilo likawa tope. Tope likusanywe kwenye gunia, lisimwagwe uani wala mtoni. Funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, usile wala kuvuta sigara kazini, nawa mikono kwa sabuni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Ufa ulivyotibiwa

Fremu ilipobaki chuma kitupu, mzee aliizungusha juani akiiangalia inchi kwa inchi. Alipaka mafuta ya taa kidogo, akayafuta, kisha akasugua chaki. Mahali penye ufa mafuta yalitoka tena yakachora mstari mweusi kwenye chaki. Mstari ulikuwa mmoja tu, na haukufika robo ya mzunguko wa bomba.

"Ungefika nusu," alisema, "ningekuambia ukauze chuma chakavu."

Alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha akaipeleka fremu kwa mchomeleaji wa gesi, akiwa amembebea fimbo ya shaba mwenyewe. Hakutaka welding ya umeme. Ukuta wa bomba la baiskeli ni milimita moja na kitu, na umeme mkali ungelitoboa au kulikausha likakatika pembeni mwa kiraka. Iliporudi, alimwambia kijana jambo ambalo muuzaji wetu hakutuambia: "Hii imetibiwa, haijazaliwa upya. Usipakie kama zamani, na kila Jumapili paangalie mahali hapa."

Kupaka

Chuma kitupu hakilali. Ukikiacha usiku mmoja katika unyevu wa huku karibu na ziwa, asubuhi utakikuta kimeota kutu ya rangi ya chungwa. Kwa hiyo siku ya kumalizia msasa ndiyo siku ya kupaka praima.

Alianza kwa kuziba sehemu zisizotakiwa kupata rangi: nyuzi za shimo la pedeli, vikombe vya gololi, na ndani ya bomba la kiti. Alizijaza matambara na kuzizungushia gundi ya karatasi. Aliifuta fremu yote kwa kitambaa chenye tina, na tangu hapo hakuishika kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya vidole nayo hukataa rangi. Kisha akaitundika kwenye tawi kwa waya, ili apate kuizunguka bila kuigusa.

Praima alipaka mara mbili, nyembamba. Ilipokauka aliipitisha msasa wa maji namba 400, akaiosha, akaiacha ikauke. Ndipo akapaka rangi, nyeusi, kwa kopo la kupuliza, akilishika umbali wa sentimita 25 hivi na kupitisha mkono bila kusimama. Mara tatu nyembamba, si mara moja nzito. Rangi nzito huteremka kama machozi, hukauka juu ikabaki mbichi chini, na hubanduka mapema. Anayetumia rangi ya mafuta na brashi anaweza kupata kazi nzuri pia, ila asubiri siku nyingi zaidi kabla ya kufunga vyuma.

Saa nazo zina maana. Hakupaka alfajiri kwa sababu ya umande, wala alasiri upepo unapoleta vumbi la malori. Alisubiri umande ukauke, akamaliza kabla ya adhuhuri. Kisha fremu ilikaa wiki nzima. Kijana alikuja kila siku kuuliza, na kila siku alijibiwa, "Bado."

Kidonda kidogo kitibiwe mapema

Si kila baiskeli inahitaji kuvuliwa rangi yote. Kama rangi ya kiwandani bado imeshika na kuna mikwaruzo michache tu, iache. Mara nyingi rangi ya kiwandani ni imara kuliko tunayoweza kupaka chini ya mwembe. Tibu vidonda peke yake.

Sugua kutu mpaka uone chuma cheupe. Lainisha kingo za rangi ya zamani kwa msasa mpaka kidole kisihisi ngazi. Futa kwa tina, gusa kwa praima, kisha weka rangi kidogo kidogo kwa brashi ndogo au njiti ya kiberiti, ukiacha kila tone likauke, mpaka kidonda kilingane na ngozi. Siku kadhaa baadaye sawazisha kwa msasa laini wa maji, kisha ng'arisha. Usitafute rangi kwa kuangalia sehemu iliyopigwa jua miaka mingi, wala kwa kukumbuka ilivyokuwa mpya. Jaribu kwanza chini ya fremu, mahali pasipoonekana. Kwa alama ndogo, wako wanaotumia rangi ya kucha, na si ujinga: hukauka haraka, rangi zake ni nyingi, na brashi yake imo ndani ya chupa.

Ukinunua, uliza chini ya rangi

Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza mwaka 2010, na hasa baada ya kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia kuzinduliwa rasmi mwaka 2018, watu na bidhaa wanapita kwa urahisi kuliko zamani. Ni jambo jema. Lakini baiskeli iliyopakwa rangi upande mmoja asubuhi inaweza kuuzwa upande wa pili jioni, na mnunuzi akiona ufa hajui pa kumtafuta muuzaji.

Basi ajilinde mwenyewe. Ikiwa baiskeli ni kuukuu na rangi ni mpya kabisa, muulize muuzaji kwa nini. Geuza baiskeli juu chini na utafute namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya shimo la pedeli au kwenye bomba la kiti. Kama imesuguliwa au imezibwa kwa puti, ondoka. Huenda ni mali ya mtu. Pitisha kidole kwenye viungo vyote, hasa nyuma ya bomba la usukani. Kiungo cha kweli kina kingo kali, chenye puti ni laini na kinene. Sumaku ndogo itasaidia hapa pia: juu ya puti nene haishiki. Gonga mabomba kwa ufunguo. Lenye sauti ya mlio ni zima, lenye sauti ya kufa lina jambo. Na kama rangi inavimba popote, omba ruhusa uisukume kwa ukucha. Muuzaji asiye na la kuficha hatakatalia kipande kidogo cha rangi.

Baiskeli ya mpwa wangu sasa ni nyeusi, haina mistari ya dhahabu, na ukiinama utaona kovu la shaba ambalo mzee alikataa kulizika kwa puti. Alilipaka rangi kama sehemu nyingine, basi, kovu likabaki likionekana.

Mwezi uliopita mtu wa upande wa pili wa mpaka alitaka kuinunua. Kijana aliigeuza juu chini, akamwonyesha kovu kabla hajaulizwa, akamweleza lilikotoka. Yule mtu aliliangalia kwa muda, akashukuru, akaenda zake bila kununua. Nilimuuliza mpwa wangu kama hakujuta kupoteza mteja.

"Mjomba," alisema, "naye ana watoto."